Mvua ya Jamaica na Mkulima wa Upande wa Demani

Mabibi na mabwana,

Mabaharia wa pwani yetu huuita upande unaopigwa na upepo joshini, na ule uliokingwa huuita demani. Maneno hayo mawili yanaeleza kilimo cha Jamaica vizuri kuliko wastani wa mvua wa kisiwa kizima. Upepo wa kaskazini-mashariki hufika umebeba unyevu wa bahari, ukakuta Blue Mountains, zenye kilele cha mita 2,256, ukalazimika kupanda, ukapoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana baadhi ya sehemu za milima hiyo hupata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka, ilhali jiji la Kingston, lililo demani hapo hapo chini, halifikishi 1,000.

Mvua zenyewe zina vilele viwili, Mei na Oktoba, na kati yake, mnamo Julai, hupungua. Bila shaka mmekwisha kufikiria masika na vuli. Mfanano huo, hata hivyo, usituhadae, kwa kuwa El Niño, ambayo mwaka 1997 ilitufurikisha sisi, huko kwa kawaida huja na ukame.

Anayenivutia zaidi ni mkulima wa St. Elizabeth, jimbo la kusini-magharibi lililo demani, lenye udongo mwekundu unaopitisha maji upesi, na ambalo hata hivyo ndilo ghala la mboga la kisiwa. Yeye hukata nyasi ndefu ziitwazo huko nyasi za Guinea (asili yake ni Afrika, kwa hiyo tunaweza kujidai kidogo), akazitandaza shambani, kisha akapanda vitunguu vya majani, nyanya au matikiti ndani ya matandazo hayo. Jua halifikii udongo, magugu hayaoti kwa urahisi, na mvua moja nzuri humfaa kwa siku nyingi zaidi kuliko ambavyo ingemfaa jirani aliyeacha ardhi wazi.

Matandazo hayazuii upepo. Kimbunga Beryl kilipopita kusini mwa kisiwa tarehe 3 Julai 2024, mashamba ya jimbo hilo yaliharibiwa vibaya. Ukame nao humwacha mkulima na hesabu ngumu: umwagiliaji wa matone hutumia maji kidogo, lakini maji hayo lazima yatoke mahali, na wengi hununua ya boza. Bei ya boza ikizidi kile ambacho vitunguu vitaleta sokoni, hupanda sehemu ndogo tu ya shamba na kungoja Septemba.