Mchungaji aliyeuliza futi

Masheikh, walimu, na vijana mnaoandika habari za vijiji vyenu, asalaam alaykum.

Morgan Edwards alizaliwa Wales mwaka 1722, akafika Philadelphia, Marekani, 1761 kuwa mchungaji wa Wabaptisti, madhehebu ya Kikristo. Tarehe 1 Januari 1770 alitoa hotuba ya mazishi yake mwenyewe, akiamini mwaka ule hauvuki. Akaishi mpaka 1795! Tumwachie hilo, tumchukulie maswali yake.

Mwaka 1771 na 1772 alisafiri kusini hadi Georgia kukusanya historia ya Wabaptisti, na kila kanisa akiliuliza yale yale: lilianza lini na kina nani, jengo futi ngapi kwa ngapi, kaya ngapi, waumini wangapi, mchungaji hulipwa nini, waliomtangulia ni nani. Maswali makavu, lakini mzee akikwambia "lilikuwa kubwa" hujapata kitu. Futi zinapimika tena.

Basi chukueni msikiti wa kijiji. Pimeni kwa futi kamba urefu na upana wa ndani, kisha unene wa ukuta pale mlangoni, maana kila ukarabati huongeza lipu na kipimo cha ndani hupungua. Andikeni safu, kisima, mikarafuu ya wakfu mingapi na nani anaisimamia.

Mwaka ulioandikwa ukutani ni wa maandishi, huenda si wa ukuta. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, maandishi ya mihrabu yanataja 500 Hijria, yaani 1107, na sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Tena msigeuze Hijria kwa kujumlisha 622. Mwaka 1300 utakupa 1922, na sahihi ni 1882 au 1883, kwa kuwa mwaka wa mwezi hupungua siku kama 11. Andikeni kwanza ulivyotajwa, hesabu baadaye.

Wazee nao huhesabu kwa matukio. Kimbunga kikubwa cha Unguja ni cha Aprili 1872. Pemba hakikupiga vile, kwa hiyo alama hiyo msiivushe maji.

Edwards alikusudia majuzuu mengi ya historia hiyo ya Wabaptisti. Aliyoyaona yamechapwa ni mawili tu, la Pennsylvania 1770 na la New Jersey 1792. La Rhode Island lilingoja hadi 1867, likiwa karatasi za mkono. Kwa hiyo nakala moja ibaki kijijini, moja ipelekwe Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, na zote ziwe na tarehe ya mazungumzo na jina la msimulizi, akiridhia.