Pointi sita za koleo

(Mhadhara kwa viongozi wa timu za mtaani na vikundi vya hisani, Mombasa)

Asalamu aleikum, hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie timu zetu na mashirika ya hisani, na sitaweza kuanza na waliofanya vizuri kabla ya kuwaambia tulivyokosea sisi.

Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi wa kocha katika timu moja ya mtaa. Tukachanga, tukapeleka unga, sabuni na mafuta kwenye makao ya watoto. Tulivaa jezi mpya siku hiyo. Picha zikapigwa: unga mbele, sisi nyuma, watoto wamebanwa katikati. Dakika arubaini hazikuisha, tumemaliza. Naingia garini, kijana wa miaka kama tisa, kandambili yake moja imeshikiziwa kwa waya, akanivuta mkono wa jezi: "Kocha, tunacheza saa ngapi?" Mipira ilikuwa minne, imo ndani ya wavu nyuma ya gari. Hatukuishusha. Timu nzima ya mpira imekwenda kwa watoto, na mpira wenyewe tumerudi nao nyumbani.

Swali lile ndilo lililonifanya nianze kufuatilia habari za Mathare, mtaa wa mabanda kule Nairobi.

Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa Nairobi kwa kazi za mazingira, aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza mpira wa juala, ule wa mifuko iliyofungwa kwa kamba ambao sisi sote humu tumeupiga. Watoto walitaka mpira wa kweli na refa wa kuwachezeshea. Wakaelewana hivi: mkifanya kitu, nasi tutafanya kitu, msipofanya, nasi hatufanyi. Hapo ndipo ilipozaliwa Mathare Youth Sports Association, MYSA. Na kitu cha kufanya kilikuwa kimelala mlangoni kwao. Taka zilirundikana bila wa kuzizoa, mitaro imeziba, mvua ikinyesha maji machafu yanaingia vyumbani, na wa kwanza kuugua ni mtoto.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Usafi hawakuufanya kuwa hotuba ya ufunguzi, wala siku moja ya mwaka yenye mabango. Waliutia ndani ya jedwali la ligi. Ukishinda mechi, pointi tatu. Timu yako ikitoka na makoleo na reki ikasafisha eneo lake, pointi sita. Sita, ndugu zangu! Timu inaweza kufungwa mechi mbili, ikazibua mitaro mara moja, na ikawa sawa na ile iliyoshinda zote mbili kisha ikalala. Mfikirieni nahodha wa miaka kumi na miwili siku ya usafi. Hangoji kusukumwa na mama. Yeye ndiye anayewagongea wenzake milango, kwa sababu straika wake akibaki kitandani, ubingwa unaponyoka. Mtoto wa umri huo ukimhubiria uwajibikaji atapiga miayo, lakini jedwali la ligi analijua kwa moyo mpaka timu ya mwisho.

Mengine yakafuata njia hiyohiyo. Wasichana wakaingia mwaka 1992. Vijana wakafundishwa urefa na uongozi, wakaendesha ligi zao wenyewe. Anayejitolea mtaani anajikusanyia pointi, na pointi zinaweza kumletea msaada wa karo, unaolipwa moja kwa moja shuleni. Hili la kulipa shuleni nawaomba mlishike. Pesa haipiti mkononi mwa kocha wala mwa mjomba.

Kuna wanaoniambia hisani inaipunguzia timu makali. Mathare United ilianzishwa 1994 kutokana na vijana haohao, na hata wachezaji wa timu hii ya juu walitakiwa kufanya kazi za jamii. Ikatwaa Kombe la Moi Golden 1998, ikalirudia 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi, mtoto wa MYSA mwenyewe. Dennis Oliech, aliyeifunga Cape Verde pale Kasarani mwaka 2003 tukaenda Kombe la Afrika kule Tunisia, amepitia klabu hiyo. Sidhani koleo lilimpunguzia mtu makali.

Na msidhani ni jambo la mitaa maskini peke yake. Kule Liverpool, tangu 2015, mashabiki wa Everton na wa Liverpool husimama pamoja nje ya viwanja siku ya mechi wakikusanya vyakula vya familia zilizopungukiwa. Mahasimu hao, kikapu kimoja. Sisi tuna Gor Mahia na AFC Leopards, mahasimu wa Nairobi tunaowaita mashemeji. Jina la undugu tunalo tayari.

Nirudi kwetu. Kabla hujabeba unga, nenda ukaulize, na uende bila jezi. Mama anayelea watoto wenye ulemavu huenda chakula anacho. Huenda alichokosa ni vijana wanne wenye nguvu wa kusukuma viti vya magurudumu kila Ijumaa, na kila Ijumaa maana yake ni hata ile Ijumaa mliyofungwa mabao matano. Jambo la pili ni pesa. Nimeona urafiki mwingi ukifia hapo: mchango wa watoto umekaa kwenye simu ya mweka hazina, timu inasafiri, nauli imepungua, "tutarudisha Jumatatu". Fungueni akaunti ya peke yake, sahihi mbili, moja ya timu na moja ya shirika, na hesabu isomwe mbele ya wote wawili.

Yale makao tuliyarudia baada ya miezi minne, na mipira tukaishusha kwanza kabla ya kusalimia mtu. Yule kijana tuliambiwa ameshachukuliwa na jamaa zake. Tukacheza na waliobaki mpaka adhana ya magharibi, na siku ile hakuna aliyekumbuka kupiga picha.

Hili nililoshika ni jedwali tupu la ligi yetu ya mwezi ujao. Baada ya safu ya mabao nimechora safu moja zaidi, juu yake nimeandika "kazi ya mtaa", na sijaandika ni pointi ngapi. Makatibu wa timu, nawaomba msogee hapa mezani tukubaliane idadi kabla hamjaondoka.