Hela ya Akaunti Nilitoa Wapi? Safari ya Mwisho Tanga Kabla ya Ujerumani

Haya wapendwa, hamjambo? Msishangae kuniona niko chini hivi, nimekalia mbuzi. Jiko hili tunatumia wanafunzi sita, wenzangu wamelala, mimi nakuna nazi. Nje theluji. Mbuzi huyu katoka Ngamiani, Tanga, kapanda ndege hadi Leipzig ndani ya begi la kilo 23, kaviringishwa khanga mbili meno yasinitoboe nguo. Alivyofika nitawaambia.

Kuna swali nimekuwa nalikwepa. Kila nikiweka video mnaniuliza: dada, hela ya akaunti ulitoa wapi? Kwa wasiojua, ukiomba viza ya masomo Ujerumani lazima uoneshe una hela ya kuishi mwaka mzima. Wengi tunaiweka kwenye akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto. Mimi nilitakiwa kuweka euro 11,904. Ukishafika wanakuachia 992 kila mwezi, huchoti zaidi hata ulie. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 30. Na mimi nikawa nawajibu "wazazi walinisaidia", halafu haraka nahamia kwenye mabuti ya baridi.

Leo nakuna nazi na nasema.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti, wiki tatu kabla sijaondoka. Baba akasema Bibi haagwi kwa simu. Tukaazima Noah ya ba'mdogo, tukatoka Dar alfajiri, tukapitia Bagamoyo tukatokea Msata. Mama kajaza chapati na mayai ya kuchemsha. Mdogo wangu kashika simu ananirekodi, mimi najitia mwanablogu: "Hapa ni Wami, hapa ni Mkata." Baba kimya, anaendesha. Akiona kibao cha 50 anakwenda 48, maana elfu 30 ya trafiki anaijua vizuri.

Sasa, safari ya Tanga kwetu tangu utotoni ina kituo kimoja kisicho na mjadala: shamba la Baba, kabla hujaingia Muheza mjini, kando ya lami kabisa. Michungwa. Miti 60. Idadi naijua kwa sababu nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuihesabu, ati tujue kama kuna ulioibwa. Jamani, nani anaiba mchungwa mzima? Lakini kila likizo nilihesabu, nikampa Baba ripoti, naye akaipokea kwa heshima zote. Kisha anamenya chungwa kwa kisu, ganda linashuka refu bila kukatika, sisi tunaligombania.

Tulipokuwa karibu na Hale, Baba akafungua mdomo. Huko mkonge ndio mwenyeji. Akaniambia, "Huu mkonge aliuleta mtu wa huko unakokwenda." Akanisimulia habari za Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche kutoka Florida mwaka 1893. Njiani ikafa karibu yote, ikapona 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. "Sitini na mbili tu," Baba akasema, "tazama ilivyozaa." Nikafurahi, nikajua leo mzee kachangamka. Kumbe alikuwa anajipa moyo.

Muheza ikakaribia. Nikaandaa simu. Gari halikupunguza mwendo. Kibao cha 50 kilikuwepo, nilikiona kwa macho yangu, Baba akakipita kama hakipo.

Nikageukia dirishani. Udongo mwekundu umesawazishwa, lori la mchanga limeegeshwa, nguzo mbili za chuma zimesimikwa. Mdogo wangu akasema, "Baba, umepitiliza." Mama akamfinya paja. Baba macho mbele, akasema, "Wanajenga sheli. Mafuta tutajaza Tanga."

Basi. Hayo ndiyo maelezo yote niliyopewa mpaka leo. Bei sijui. Nilijijumlishia mwenyewe: mwezi wa sita nyumba nzima tulikuwa tunahangaika, mwezi wa saba Baba akaja akasema "imepatikana", akaenda kuoga. Tiketi na viza vilitoka kwenye upatu wa Mama, hilo najua, nilimsindikiza kuupokea. Hii nyingine haikuwa hela ya upatu.

Video ya safari ile mliiona. Ina mapango ya Amboni, popo, na kijana aliyetuongoza akisimulia jinsi Osale Otango, yule aliyesakwa enzi za mkoloni, alivyojificha mle. Ina Raskazone, mdogo wangu akipigwa wimbi la uso. Muheza haimo. Niliikata.

Kwa Bibi tukakuta kapu la machungwa mezani. Ya kununua. Nikayatazama muda mrefu, maana Bibi miaka yote alikuwa haendi sokoni kwa ajili ya chungwa, ya kwake yalikuwa yanakuja na sisi. Akataka nisafiri nayo. Nikamweleza: nyama na maziwa marufuku kuingia, machungwa yanataka cheti cha afya ya mimea. Dagaa ruksa. Nazi nayo ruksa, haidaiwi cheti.

"Yaani chungwa linakataliwa, nazi inapita?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wana akili hao." Akaingia ndani, akarudi na mbuzi yake mwenyewe, ile aliyokuwa akikalia tangu Mama hajaolewa. "Utaikuna kwa kucha?" Mdogo wangu akadakia, "Nyama marufuku, mbuzi ruksa!" Baba alicheka mpaka akafuta macho. Nilimtazama akiyafuta, akachukua muda.

Haya, nazi imekwisha. Kuna upuuzi mmoja nafanya, nausema hapa kwa mara ya kwanza. Miti 60 ukiigawa kwa miezi 12 ni mitano. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi, kwangu inaingia miti mitano. Kodi ya chumba inakula miwili. Bima ya afya inakaribia mti mzima. Leo tarehe 19, nimebaki na mmoja na matawi kidogo.

Baba huwa anaziangalia video hizi, ila hasemi kitu. Baba, kama umefika hapa, shikamoo. Bado nahesabu. Hakuna ulioibwa.