Kwa Nini Breki Hulia

Ndugu zangu mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza, habari za mchana. Nimekuja na tofali moja na ukanda wa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Waliokaa nyuma sogeeni, jambo lenyewe ni dogo na linataka macho.

Tofali liko mezani, mpira nimeufunga, nami nauvuta polepole. Tazameni: mpira unarefuka, tofali tuli. Unazidi kurefuka. Hilo! Limeruka kama upana wa vidole viwili, likakwama tena. Mkono wangu unakwenda mwendo mmoja, sijautikisa hata kidogo, lakini tofali linakwenda kwa kushtukashtuka. Sasa navuta haraka: linateleza moja kwa moja, halina habari. Ule mtetemo ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye msuguano wenyewe. Kulibandua tofali lilipokwama kunataka nguvu kubwa kuliko kuliendesha likishaanza kuteleza. Mfaransa Coulomb alichapisha vipimo vya mambo haya mwaka 1785, na aliona pia kwamba vitu vikikaa vimegusana kwa muda, hung'ang'aniana zaidi. Kwa hiyo mpira hujaza nguvu tofali likiwa limekwama, na likibanduka, nguvu hiyo humwagika kwa mkupuo. Tumezoea kusema msuguano hutuliza mitetemo. Hapa unachota nguvu ya mkono wangu na kuulisha mtetemo.

Fidla huimba hivyohivyo: uzi hunaswa na upinde, huchomoka, hunaswa tena, mara 440 kwa sekunde kwa ile noti wanayolinganishia ala. Na mwaka 1966 watafiti wawili, Brace na Byerlee, walipendekeza kwamba matetemeko ya ardhi ya kina kifupi ni miamba inayokwama na kuachia kwenye nyufa zake. Ni tofali hilihili, kwa ukubwa wa milima.

Sasa breki, ndiyo iliyonileta. Ule mlio mkali wa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, huanzia kama hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, na waweza kupita 10,000. Na hapa kukwama na kuachia hakutoshi kueleza, maana breki inaweza kulia hata kama msuguano haubadiliki na mwendo. Pedi, kile kipande kinachoibana diski, hutetema kwa namna mbili: kuibana na kuilegezea diski, na kuyumba kufuata mzunguko wake. Kila namna ina masafa yake, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Pedi ikibana zaidi, msuguano huongezeka papo hapo na kuivuta pembeni. Ikivutwa pembeni, mbano nao hubadilika. Masafa hayo yakiwa mbalimbali, breki iko kimya. Yakikaribiana, msuguano huyafunga pamoja, na mtetemo usioonekana kwa macho hukua mpaka diski nzima inalia kama kengele.

Ndiyo maana mteja anaweza kufunga pedi mpya, nzuri, za bei, akarudi analalamika kwamba za zamani hazikulia. Uzito na ugumu vimebadilika, masafa yamekutana. Basi nawasihi: kile kibati chembamba cha nyuma ya pedi, chenye ngozi ya mpira, msikitupe. Nimekiona mara nyingi sakafuni mwa gereji. Kazi yake ni kuufyonza mtetemo huo, kama vile kingo za pedi zilizokatwa mshazari zinavyobadilisha mahali diski inapoguswa.

Na msipake grisi usoni mwa pedi! Nilipokuwa kijana niliona gari likitoka gereji kimya kabisa baada ya dawa hiyo, likafika getini na kushindwa kusimama. Liligonga ukuta. Mtu alikuwa ametoka hapo dakika moja kabla. Dereva alikuwa amekanyaga breki mpaka chini.

Lakini kabla ya yote, pimeni unene. Baadhi ya pedi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi uguse diski na kupiga kelele pedi ikibaki milimita 2 au 3. Mlio huo hautibiwi na kibati, ni pedi mpya tu.

Gari liko nje, gurudumu la mbele nimeshalifungua. Twendeni tukaangalie.