Ukinipigia niko barabarani, na wewe umeshika usukani

(Nilizungumza haya Miritini, Mombasa, Jumapili baada ya alasiri, mbele ya madereva, kina mama na vijana wa boda. Kijana mmoja alirekodi, nikamwomba ayaandike vile vile yalivyotoka.)

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo nyote. Wamama mliokaa kule kivulini sogeeni mbele kidogo, maanake maneno mengi ya leo ni yenu. Na watu wa ofisi za magari mliokuja, nashukuru sana, mnisikilize mpaka mwisho hata nikifika mahali nikawagusa.

Mimi naendesha trela mwaka wa 22 huu. Nilianza na ngano, nikaja kwa kontena, nimefika Malaba, nimefika Kampala, nimefika Kigali, na hii barabara ya kwetu ya kupanda Nairobi nimeipanda na kuishuka mpaka nikifunga macho nakwambia hapa ni Samburu hapa ni Maungu. Zamani tukikutana Mtito tukinywa chai tulikuwa tunalalamika usingizi, tunalalamika mabasi ya usiku, foleni ya wizabriji, ile mizani ya kupimia malori, pale Mariakani, mizigo kukaa. Siku hizi kilio kimekuwa kimoja. Simu. Ukikaa na madereva kumi, wote kumi wana hadithi ya mtu wa simu aliyetaka kuwaua ama waliyetaka kumuua.

Kwanza niwaambie kitu wenye gari ndogo hamkijui. Wewe ukiteremsha simu pajani unaona umejificha, askari hakuoni. Mimi niko juu, nakuona mpaka mapaja. Naona kidole kinavyosukuma picha, naona ile kijani ya WhatsApp, juzi hapa Kibarani kwenye jam nimemuona mtu anatazama mpira, simu ameiegemeza pale nyuma ya usukani, magari yakisogea naye anasogea kwa kukisia. Vijana wa boda simu mmeichomeka ndani ya helmeti imebana sikio, unaongea na mtu wa Bombolulu na nyuma umepakia mama na mtoto mgongoni. Wa tuktuk msicheke, nyinyi mnatafuta abiria mwingine kwa simu na huyu wa kwanza hajashuka.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo, ni hesabu ya darasa la sita tu. Gavana ya lori, kile kifaa cha kuzuia mwendo, inakata kwa 80. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde moja. Kusoma meseji na kujibu "niko njiani" tuseme sekunde tano, na wengi wenu mnazidi hapo. Mita 22 mara tano ni 110. Nyinyi ni watu wa bandari, sitawapa mfano wa uwanja wa mpira, nitawapa wa kontena. Kontena la futi 40 lina mita 12 na kidogo. Kwahiyo zipange kontena tisa, moja nyuma ya nyingine, kutoka hapa mpaka kule kwenye ule mwarobaini na zaidi, alafu mwambie mtu ajifunge kitambaa machoni aendeshe trela apite zote tisa. Hiyo ndiyo "niko njiani" yako.

Na kusimama je. Watu wanadhani dereva wa trela akikanyaga breki gari inasimama kama Probox. Breki zetu ni za upepo, ukikanyaga upepo lazima usafiri kwenye mipira mpaka ufike tairi za nyuma kabisa, ni kitambo kidogo sana lakini gari inaendelea kukimbia. Alafu kuna uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari na mzigo mpaka tani 56 kwa ile yenye ekseli saba. Uzito huo ukiusimamisha ghafla mkia wa trela unataka kuja mbele, hedi, kile kichwa cha mbele chenye injini, inaangalia porini na kontena linaangalia barabara. Ukiteremka Mazeras na mzigo ndio kabisa, unashuka kwa gia ndogo unaombea breki zisipate moto, alafu mtu wa gari ndogo anakukata mbele kwa ovateki, anaingia kwa lile pengo ulilojiwekea makusudi ya kusimamia, na akishaingia tu anainamia simu! Lile pengo si la bure ndugu yangu. Lile ndilo breki yangu, na wewe umelikalia.

Niwape kisa kimoja. Kati ya Taru na Mackinnon Road, magharibi, jua liko usoni kwangu maana napanda. Nina kontena la futi 20, tailsi tupu, tani 26. Pale barabara ni moja tu, huku mnapanda na huku mnashuka, hakuna kitu katikati ila mstari wa rangi. Nikaona gari ndogo nyeupe inatoka upande wa Voi, inakuja imenyooka vizuri, alafu pole pole ikaanza kuja upande wangu. Haikuruka, haikuyumba, imekuja pole pole kama mtu anayesinzia. Nikawasha taa zote, nikapiga honi nikaishikilia. Inakuja tu. Imefika karibu nikamwona, kijana, shati la ofisi, kidevu kimeingia kifuani na mwanga wa simu umempiga hapa chini ya pua. Tanboi wangu, msaidizi ninayesafiri naye garini, alikuwa amelala, nikasikia amepiga ukelele wa kuamka. Nikateremsha tairi za kushoto kwenye mchanga, na wenye kazi hii wanajua ukingo wa lami ulivyo pale, ni kama ngazi. Kontena likainama, nikasikia tailsi zimesogea ndani, mlio wa masanduku yakisuguana, na mimi nimeshika usukani sipumui, nikikata kulia nakwenda chini, nikikanyaga breki nakwenda chini. Akapita. Vioo vyetu vilipishana upana wa kiganja hiki.

Kinachoniuma si hicho. Hakuinua kichwa. Nimemfuata kwa kioo, taa zake nyekundu za breki hazikuwaka hata mara moja. Yule kijana alifika kwake salama, akala, akalala, na mpaka leo hajui kwamba siku ile kulikuwa na watu wawili ndani ya mchanga wa Taru wanatetemeka kwa ajili yake. Na kesho yake aliendesha vile vile, kwa sababu kwake hakuna kilichotokea.

Lakini nisije nikaonekana nawatupia lawama wenye gari ndogo na sisi tumejisafisha. Sisi pia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naendeshea ofisi moja, sitaitaja. Gari ilikuwa na traka, pale ofisini wananiona kwenye kompyuta niko wapi, mwendo gani, nimesimama dakika ngapi. Na bado kontrola, yule mtu wa ofisi anayefuatilia magari, anapiga. Usipochukua anapiga tena. Siku hiyo alipiga mara sita, na ukifika umechoka unaulizwa mbona simu hushiki, trip ya pili anapewa mwingine. Ya saba nikashika. "Uko wapi?" Nikamwambia napita Mackinnon. "Mbona uko pole pole, mwenye mzigo ananisumbua." Nikaanza kumweleza, na mimi nikianza kueleza jambo naliona usoni pangu, nikawa namuona kontrola na ofisi yake na yule mwenye mzigo, barabara siioni. Mbele kulikuwa na baba na boda amefunga gunia tatu za makaa. Nilimuona wakati kioo changu cha kushoto kishaingia kwenye gunia.

Alhamdulillahi hakuumia, alilala upande wa majani. Nimesimama mbele huko, nikarudi mbio. Nimemkuta amechuchumaa anaokota makaa, moja moja, anayapangusa anayarudisha kwa gunia lililopasuka, hanitazami hata usoni, mikono inamtetemeka. Nikachuchumaa nikaokota naye. Nilimlipa gunia zote tatu lakini kuna kitu hakilipiki pale. Niliporudi kwenye kabini simu iko sakafuni bado iko hewani, kontrola anasema "haloo, haloo, uko wapi sasa?"

Kosa lilikuwa langu, nililikubali pale pale na nalikubali mbele yenu. Ila tangu siku ile nimekuwa nikifikiri, yule kontrola alikuwa kwenye kiti, kikombe cha chai mezani, na alikuwa ameshika usukani wa trela pamoja na mimi. Nilishika mimi kwa mikono, yeye akashika kwa sauti. Na katika ile ajali hakuna aliyemuona. Hilo ndilo lililonileta hapa leo, kwa sababu kila siku tunaambiwa dereva asishike simu, dereva asishike simu, na mimi nauliza, huyo dereva anapigiwa na nani? Anapigiwa na ofisi, na ajenti wa mzigo, na mke, na rafiki yake mwenye gari jingine kule nyuma.

Wenzetu Marekani waliliona hili. Mwaka 2009 watu wa chuo kimoja kule Virginia walitoa matokeo baada ya kufunga kamera ndani ya malori, wakakuta dereva wa lori anayeandika meseji hatari yake inapanda mara 23, na macho yanatoka barabarani karibu sekunde tano. Tangu Januari 2012 madereva wa malori makubwa kule walikatazwa simu ya mkononi, na sheria ilipoanza faini ya dereva ilikuwa mpaka dola 2,750, alafu kampuni inayomruhusu ama kumlazimisha mpaka dola 11,000. Mmesikia hapo? Mwenye ofisi analipa zaidi ya dereva. Hapa kwetu kanuni za 2016 zinasema dereva akishikwa na simu gari ikitembea ni shilingi 2,000, na zinatoka kwenye mfuko wa dereva, aliyempigia mara saba hata hajulikani. Mimi naona pale kuna haki haijakaa sawa, na nyinyi wa ofisi naomba mlichukue hili mwende nalo, hiyo traka mmeinunua, itazameni.

Kuna wataosema basi vaa vile vya masikio, mikono iwe huru. Wallahi na mimi nilikuwa nafikiri hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema anayeendesha akiongea na simu hatari ya ajali ni kama mara nne, na vya masikioni havileti nafuu ya maana. Na ukifikiri utaona kwanini. Tanboi wangu tunapiga stori kutoka Changamwe mpaka Emali, lakini akiona ng'ombe mbele anakata maneno hapo hapo, pengine ananiambia "oya ng'ombe." Yeye anaona ninachoona mimi. Mtu aliyenipigia yuko Magongo, hana habari na ng'ombe, anaendelea kuniambia mwenye nyumba amekuja kudai kodi. Macho yangu yako barabarani, akili iko mlangoni na mwenye nyumba.

Simu sijaikataa. Simu imetusaidia sana, gari ikikufa usiku Kibwezi unapata fundi, hela ya mafuta inaingia kwa M-Pesa, grupu letu linatuambia mbele kumefunga. Zamani mtu alikuwa akiondoka siku nne nyumbani hawajui yuko hai. Ninachoomba ni kidogo mno. Ukimpigia dereva, neno la kwanza kabla ya salamu liwe "umesimama?" Akisema hapana, kata. Usimalize sentensi, usiseme "ni dakika moja tu", kata. Yeye atasimama pale Voi ama Maungu atakurudia. Na dereva mwenzangu, usimdanganye, usimwambie umesimama na injini inasikika.

Haya, maswali. Naam mama, sema. 

...Anauliza mtoto akizidiwa usiku je, baba yake yuko njiani na hajibu, afanye nini. Swali zuri na najua si swali la kutunga, hapa kuna wengi limewakuta. Jibu ni hili mama. Kwenye lile gari kuna watu wawili, na mmoja wao hashiki usukani. Mpigie tanboi. Tanboi ataangalia dereva alivyo, wako wapi, kuna mahali pa kuegesha ama hakuna, wakishasimama ndio atamwambia mwenzake nyumbani kuna jambo. Hiyo habari nzito mtu asiipokee akiwa kwenye mwendo wa 80 na tani 26 mgongoni.

Nani hapa ana namba ya tanboi wa mumewe? Inueni mikono nione.

Wawili. Wamama wote hawa, wawili tu.

Basi toeni simu. Na nyinyi matanboi mliosimama kule nyuma njooni hapa mbele, tuanze na wewe wa fulana nyekundu, sema namba yako kwa sauti, pole pole, waandike.