Noti mbili za kupandia: maina ya melodia kwenye gitaa

Ndugu zangu wapiga gitaa, leo sikuja na michoro ya vidole. Wengi wenu mnayo, na skeli ya maina ya melodia, ngazi ya noti inayopanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine, mnaipanda na kuishuka kila siku bila kuisikia. Naomba tuisikie kwanza.

Tushike kwanza E maina ya kawaida, isiyobadilishwa: E, F shapu, G, A, B, C, D. Pigeni mpaka D, kisha simameni. Hiyo D imetulia mno. Iko freti mbili chini ya E wala haina haraka ya kufika. Watunzi wa Ulaya wakaipandisha freti moja, ikawa D shapu, na D shapu haikai: inaidai E. Ila sasa kutoka C hadi D shapu pamekuwa na freti tatu. Masikio ya pwani yanalipenda pengo hilo, maana ndilo linaloipa hijaz, mpangilio wa noti wa Kiarabu, ladha yake katika taarab. Waimbaji wa Ulaya waliliona gumu kulivuka, basi C nayo ikapandishwa. Wanakwaya wa solfa mnaijua njia hiyo: la, ti, do, re, mi, ba, se, la. Wakati wa kushuka hatuikimbilii tena E ya juu, kwa hiyo D na C hurudi mahali pake.

Anayelionyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha mazoezi, kwa maoni yangu, ni Johann Sebastian Bach. Katika sviti yake (mfululizo wa dansi) ya E maina, BWV 996, yaani namba 996 katika orodha ya kazi zake, inayohesabiwa miongoni mwa kazi zake za luti, chombo cha ukoo mmoja na udi, mna dansi iitwayo Bourrée. Haijafika mbali, sauti ya juu inapanda B, C shapu, D shapu, E, na papo hapo inashuka D, C, B, A, G. Tazameni uzi wa pili: B ukiwa wazi, C shapu freti ya 2, D shapu freti ya 4, halafu E kwenye uzi wa kwanza ukiwa wazi. Kurudi, D freti ya 3, C freti ya 1, B wazi. Jicho linaona kile kile ambacho sikio linasikia.

Msiifanye sheria ya chuma, lakini. Bach mwenyewe huweza kushuka na noti zilizopandishwa pale kodi ya tano (noti zinazopigwa pamoja juu ya noti ya tano ya skeli; katika E maina ni B) inapotawala, na wapiga jazi hutumia njia moja kupanda na kushuka.

Sasa tuhamie A maina, ambako zinazopanda ni F na G. Uzi wa tatu, freti ya 2: A. Uzi wa pili: wazi, ya 1, ya 3. Uzi wa kwanza: wazi, ya 2, ya 4, ya 5. Kushuka, G ni freti ya 3 na F ya 1. Imbeni kwanza, polepole, kisha tupige pamoja.