Ukumbusho Uliotundikwa Saloni

Baba na mama, asanteni kwa kuja. Waliosimama mlangoni wasogee, huku mbele viti bado vipo.

Nimeombwa niseme juu ya hazina za sanaa za Lubumbashi, mji wetu huu wa Kongo. Makumbusho yetu yana misalaba ya shaba na vyungu vya makaburi ya kale ya Upemba, nendeni mkaone. Mimi leo nabaki na rangi.

Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji. Iliitwa Hangar. Hakutaka wanafunzi wanakili picha za Wazungu. Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga akajaza picha mistari mifupi inayopishana, utadhani mkeka. Bela, yeye, brashi hakuitaka: alichovya vidole. Sogea karibu, utaona jani moja ni mguso mmoja wa kidole. Desfossés alifariki 1954, Hangar ikamezwa na Akademia, shule ya sanaa ya Laurent Moonens, na Pilipili na Mwenze wakafundisha huko.

Wanunuzi lakini walikuwa zaidi Wazungu. Galeri ya wazazi wetu ilikuwa saloni, yaani sebule ya nyumbani. Miaka ya 1970 mchoraji alipita nyumba kwa nyumba, picha kwapani, kitambaa chake mfuko wa unga. Kwetu, mtaa wa Katuba, palitundikwa mamba muntu juu ya redio: mwanamke nusu samaki, saa mkononi. (Saa ndani ya maji! Hakuna aliyeshangaa.) Ukiigeuza, maandishi ya mfuko yalisomeka bado. Mgeni akiitazama tu, baba alianza kusimulia mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Ndiyo maana picha hizo ziliitwa ukumbusho.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi. Kati ya 1973 na 1974 alimuuzia mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100, akazieleza kwa Kiswahili chetu hiki, kinasa sauti kikizunguka. Leo ziko Amsterdam, katika jumba lililojulikana kama Tropenmuseum. Mwenyewe, tangu miaka ya 1980, hajulikani alipo.

Mamba muntu wetu? Paa lilivuja, mama akakifanya kile kitambaa mlango wa banda la kuku. Sikumlaumu, kuku walikuwa wanalowa. Ila jina la mchoraji lilikuwa pembeni, chini kulia, nami sikuliandika. Kama kwenu ingaliko moja nyuma ya kabati, niiteni hata kesho. Nitakuja na daftari.